Miaka Yangu ya Kufuga Ukungu

Vijana wa zamu ya asubuhi waliniambia nisiondoke kimya kimya, niandike nilivyoanza kazi na yaliyonipata. Nadhani walitaka kucheka, na haki yao hiyo siwanyimi. Vyeo nilivyopata ni vichache na vyote vilinikuta nimekaa, kwa hiyo naviacha. Nitasimulia kazi yenyewe, na watu walionizuia nisiiharibu zaidi ya nilivyoiharibu.

Kwa asiyetujua, kazi yetu ni kufuga ukungu. Ndiyo, ukungu ule ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Ukilishwa vizuri hutoa vimeng'enya, yaani vitu unavyovitumia kuvunjavunja chakula ili uweze kukinyonya. Viwanda vinavitaka sana vitu hivyo, kwa ajili ya kulainisha ngozi, kuchuja juisi na kukamua mafuta. Vingi huagizwa ng'ambo, huchelewa bandarini, na bei yake inamtoa mtu jasho. Kiwanda chetu kidogo pale Mbeya kilianzishwa kwa matumaini kwamba tunaweza kuvitengeneza sisi wenyewe, kwa malighafi ya kwetu, bila kukata msitu wala kuchafua mto.

Mimi, Exavery Kikoti, ni mtoto wa Kalenga, karibu na Iringa mjini. Nilipopata kazi, majirani walimuuliza mama kijana wake yuko wapi siku hizi, naye akajibu kwa fahari, "Yuko Mbeya, maabara." Nilipokwenda likizo ya kwanza nikakuta watu wamekaa kwenye benchi letu wakinisubiri. Mmoja alikuwa na kikohozi, mwingine mguu umemvimba. Niliwaeleza polepole kwamba mimi sitibu watu, nafuga ukungu. Yule wa mguu alinitazama kwa huruma, kisha akamgeukia mama.

"Pole sana, Mama Exavery," akasema. "Ilimwanza lini hali hii?"

Lakini nimeruka siku ya kwanza kazini, na siku ile haifai kurukwa. Nilikuwa nimetoka chuo na cheti changu cha ufundi sanifu, nimepanga chumba mtaa wa Soweto hapo hapo Mbeya, na asubuhi ile nilivaa tai nyekundu. Nilitarajia kukuta matangi ya chuma yanayong'aa na saa za kupimia ukutani. Nilikuta chumba chenye joto, rafu za mbao, na trei za bati zilizonunuliwa kwa mwoka mikate aliyefunga duka. Mkuu wa chumba hicho alikuwa Dakta Mgaya, mama wa Kibena, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alikuwa amesoma hadi mwisho wa kusoma, na hakuona sababu ya kumtisha mtu kwa hilo. Alikuwa na njia nyingine za kutisha.

"Mashine ziko wapi, Dakta?" nikauliza.

"Zimelala kwenye trei," akasema. "Inama uzione."

Nikainama. Tai nayo ikainama. Ncha yake ikatua katikati ya trei iliyokuwa imeota vizuri kuliko zote. Dakta Mgaya alifungua droo, akatoa mkasi, akaikata tai yangu juu ya kifungo cha tatu, kile kipande akakitia kwenye mfuko wa kwenda kuchomwa pamoja na trei nzima. Kisha akaniambia, "Karibu kazini." Tai iliyobaki niliivaa kwenye harusi yangu, koti likiwa limefungwa vifungo vyote. Picha za harusi zinaonyesha bwana harusi anayetoka jasho, na watu walidhani ni furaha.

Wakati huo tulikuwa tukiulisha ukungu unga maalumu wa kuagiza. Ulikuwa mweupe, safi, na ghali kiasi kwamba kimeng'enya chetu kilitoka na bei kubwa kuliko kile cha meli. Tulikuwa tumefaulu kutengeneza nyumbani kitu ambacho ni nafuu kukinunua ugenini. Dakta Mgaya ndiye aliyeamua tuache unga. "Ukungu haukuzaliwa kwenye kopo," alisema. "Tuulishe kinachotupwa." Akanituma Madibira kutafuta pumba za mpunga.

Pale mashineni Madibira pumba zilikuwa zimerundikwa kama vichuguu. Nikamwambia mwenye mashine nataka kujaza gari.

"Una nguruwe wengi, Bwana?" akauliza.

"Sina nguruwe."

"Kuku?"

"Sina kuku."

Akanitazama toka kichwani hadi viatuni. "Basi njaa imefika pabaya huko Mbeya," akasema, na akaniongezea gunia moja bure.

Pumba zilitusaidia sana, ila zilinifundisha adabu. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unalowesha pumba, unazipika kwa mvuke ili kuua vijidudu vyote vilivyokuja navyo, unaziacha zipoe, unazinyunyizia mbegu za ukungu, unazitandaza kwenye trei, unafunga mlango. Baada ya siku chache trei imevaa ukungu kama zulia. Unailoweka kwenye maji, unakamua, unachuja, na maji yale ya rangi ya chai ndiyo bidhaa. Makapi yanakwenda kwa wafugaji. Hata moshi tuliupunguza, maana moto wa mvuke wetu uliwashwa kwa maganda ya mpunga yaliyokuwa yakichomwa bure kule kule mashineni.

Shida ni hali ya hewa. Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba inajulikana kwa baridi. Hata binadamu anakataa kukua. Nikaona trei zinasinyaa, nikaamua kwa akili yangu kutandaza pumba nene, zijitie joto zenyewe kama watoto kitandani. Zilijitia. Ukungu ukila hutoa joto, na katikati ya trei joto lile likakosa pa kutokea, ukajipika mwenyewe. Nilimwita Dakta nikiwa na uhakika nimevumbua kitu, kwa sababu chumba kizima kilinukia vizuri ajabu.

Akanusa. "Kikoti," akasema, "umepika ugali."

Tangu hapo nikajifunza kutandaza nyembamba na kuingiza kidole. Kipimajoto tunacho, na nawasihi mkitumie. Lakini kidole kinafika haraka zaidi, na hakiishiwi betri.

Nyumbani nako kulikuwa na mambo. Mke wangu, Tumpe, ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa kusema linalomjia. Miezi ya mwanzo ya ndoa alikuwa ananiwekea maji ya kuoga nje, nyuma ya nyumba, kabla sijavuka mlango. "Gwe mwanaume," alikuwa ananiambia, yaani wewe mwanaume, "unanuka kama stoo ya shangazi." Mimi sikusikia harufu yoyote. Pua yangu ilikuwa imekwisha kuzoea, na mpaka leo sijui kama chakula chake kina nazi ama hakina. Kwa usalama nasifu vyote viwili.

Sasa nifike kwenye jambo kubwa, lile lililokaribia kutufunga.

Parachichi zilipoanza kupandwa kila kilima, nyingine zikawa zinakataliwa na wanunuzi wa nje kwa sababu ya makovu au ukubwa. Mfanyabiashara mmoja wa Iringa mjini, Bwana Salum, ambaye babu yake alitoka pwani na kuleta huko milimani kanzu, uungwana na ubishi wa bei, aliamua kukamua mafuta ya hizo zilizokataliwa. Parachichi lina tabia mbaya: mafuta yake yamefungiwa ndani ya nyama kama yako gerezani. Ukiiponda tu, unapata rojo na mafuta kidogo juu. Ukiongeza kimeng'enya kinachofaa, kuta zile zinalainika na mafuta yanatoka. Bwana Salum alikuwa amejaribu cha ng'ambo na kikamshinda bei. Akaja kwetu. Akawaahidi wakulima wa vijiji vyote vya jirani kwamba atanunua mzigo wao, kwa kutegemea neno letu.

Msimu wa kwanza tulifanya vizuri. Msimu wa pili mafuta yakaanza kupungua. Alinipigia simu.

"Ndugu yangu Kikoti, maji yenu siku hizi ni chai au ni dawa?"

"Ni yale yale, Bwana Salum."

"Basi mimi nakunywa chai ya bei mbaya."

Nilikwenda. Nilipima kila kitu, nikamlaumu kila mtu. Niliwalaumu mafundi wake, maji ya Iringa, hata parachichi zenyewe niliziambia hazijaiva sawasawa. Na kwa kuwa nilitaka kuonekana nimefanya kitu, nikatoka nyuma ya kiwanda, nikaona lundo la maganda na rojo limeoza, linanuka, nzi wamejaa. Nikasimama kitaalamu. Nikamwambia Bwana Salum kwamba uchafu ule ndio unaomharibia mazingira, amwage chokaa juu yake yote, aue kila kilichomo. Alinishukuru. Niliporudi Mbeya nilijisikia nimeokoa nchi.

Dakta Mgaya alikuwa amekaa kwenye darubini yake aliponisikiliza. "Tatizo si maji wala parachichi," akasema. "Ni ukungu wetu. Tumeuhamisha chombo hadi chombo kwa miaka, tunaulisha bila kuusumbua. Umezoea. Unaota vizuri kwa macho, ila haufanyi kazi tena."

Nilimwelewa upesi. Hata mimi nilikuwa nimenenepa.

"Tulihifadhi ule wa mwanzo kwenye jokofu," nikasema.

"Jokofu lilikufa na umeme wa masika. Nimeujaribu. Umekufa nao."

Wenye kiwanda walituambia wazi kwamba bila mteja yule hakuna sababu ya kuendelea. Bwana Salum naye alitupa muda hadi parachichi za mwisho za msimu zishuke mtini. Wakulima walikuwa wanamletea mzigo na yeye anaupokea kwa uso wa mtu anayejua hataweza kuulipia mwakani. Ikabidi tutafute ukungu mpya, porini, popote unapoishi kwa shida na kufanya kazi ili ule.

Ndipo nikawa mtu anayezunguka Nyanda za Juu Kusini na ndoo zenye uozo. Nilichukua majani yaliyooza msituni, magogo, pumba zilizolowana Madibira, maganda ya ndizi, mpaka boga la mama yangu kule Kalenga lililosahaulika darini. Barabarani, njia ya kuelekea Iringa, trafiki akatusimamisha.

"Mna nini kwenye ndoo?"

Dakta Mgaya alikuwa mbele, amesinzia. Nikajibu mimi. "Uozo, afande."

"Uozo wa nini?"

"Wa aina mbalimbali."

Akafungua kifuniko kimoja, akakifunga haraka. Akafikiri. "Mnaupeleka wapi?"

"Tunatafuta mbaya zaidi ya huu."

Dakta akaamka, akatoa kitambulisho, akaeleza kwa sentensi mbili fupi tu kazi tunayoifanya. Afande akampigia saluti. Mimi akaniambia nishuke nifute taa za nyuma.

Tulifika kwa Bwana Salum mchana. Dakta Mgaya alisalimia, akakataa kiti, akauliza mabaki yanatupwa wapi. Tukaenda nyuma. Lundo lilikuwa jeupe pee, kama kaburi lililopakwa chokaa.

"Nani kamwaga chokaa hapa?" akauliza.

Bwana Salum, mtu muungwana, aliangalia pembeni. "Mtaalamu wako, Dakta. Alisema tuue kila kilichomo."

Nzi hawakuwepo hata wa kunisitiri.

"Kikoti," Dakta akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, "umetembea mikoa miwili kumtafuta mnyama anayekula parachichi. Ulifikiri anaishi wapi?"

Akavua miwani, akaifuta, akaanza kuzunguka lundo. Kwenye kona, chini ya kipande cha bati kilichoanguka kutoka paani, chokaa haikufika. Alinyanyua bati. Palikuwa na maganda yaliyofunikwa na ukungu mweusi, laini kama mahameli, na chini yake nyama ya parachichi ilikuwa imeyeyuka ikawa maji, na juu ya maji yale yaling'aa matone ya mafuta. Dakta alichuchumaa pale chini na sketi yake ya kanisani, akachota kwa kijiko, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anacheka peke yake.

"Huyu," akasema. "Huyu hajanenepa."

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Kule Mbeya ukungu ule uliota kwa hasira. Maji yake yalilainisha rojo la parachichi mbele ya macho yetu. Nikataka tuyapeleke Iringa siku hiyo hiyo. Dakta akakataa.

"Ukungu mweusi ni ukoo mkubwa," akasema. "Wengine wanatoa sumu. Mafuta haya yatapikiwa watoto. Tunapeleka sampuli maabara kubwa, tunasubiri."

"Msimu unaisha, Dakta."

"Najua."

"Kiwanda kitafungwa."

"Kikifungwa tutakwenda nyumbani. Mtoto akiumia tutakwenda wapi?"

Tulisubiri. Bwana Salum alipiga simu kila asubuhi, baadaye akaacha kupiga, na hiyo ndiyo iliyotuogopesha. Nami, kwa sababu sikuwa na la kufanya, nilisugua kila rafu ya chumba kile. Dakta alikuwa anakuja, anakaa, anatazama simu yake, anaondoka. Siku moja nilimkuta ameegemeza paji la uso mezani, nikadhani amelala. Hakuwa amelala. Nikampikia chai nikaiweka karibu na mkono wake. Hakusema asante, lakini aliinywa.

Majibu yalikuja: hakuna sumu. Alinisomea ujumbe kwa sauti, kisha akaurudia kwa sauti ya chini, kisha akaniambia nipakie madumu.

Parachichi za mwisho zilikuwa zimeshashushwa kwa Bwana Salum, na wakulima wengi walikuwa wamekaa pale uani kungoja wajue hatima yao. Rojo lilikuwa tangini, la uvuguvugu, linazungushwa. Nilipewa heshima ya kumimina. Nikapanda ngazi nikiwa na dumu, nikihisi macho ya watu wote mgongoni, nikaona hii ndiyo siku yangu. Nikamimina lote, nikageuka kuwapungia mkono, mguu ukakanyaga ganda. Nilishuka ngazi yote kwa makalio na kuishia kwenye karai la rojo. Wakulima walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Dakta Mgaya hakugeuza hata shingo, alikuwa anatazama tangi.

Kicheko kilipoisha, mafuta yalikuwa yameanza kupanda. Mwanzo madoa, halafu miviringo, halafu uso mzima wa tangi ukawa wa kijani kibichi unaong'aa. Bwana Salum akachovya kidole, akaonja, akafumba macho.

"Mashaallah," akasema. Kisha akawageukia wakulima, "Leteni mzani."

Dakta Mgaya akanikuta nje nikijikamua suruali. "Umemimina vizuri," akaniambia. Miaka yote ile ndiyo sifa pekee niliyopata kwake, nami nimeitunza vizuri kuliko cheti.

Baadaye kiwanda kilihamia Iringa, karibu na mteja, na Dakta akastaafu akarudi Njombe kulima viazi. Aliniachia chumba na miwani ya akiba. Akafariki akiwa shambani kwake, baada ya mvua za kwanza. Kwenye msiba mchungaji alisema marehemu alipenda mimea. Mimi na Bwana Salum tulitazamana, tukainamisha vichwa. Ningependa kusimama kusahihisha, lakini ningeanzia wapi?

Chumba kile nilikiendesha hadi nilipostaafu. Miaka ya mwisho nilisaidiwa na Tusekile, binti wa Rungwe, msomi, mkaidi, na mwenye haraka ya kufikiri. Pumba zilikuwa zimepanda bei kwa sababu kila mtu sasa anafuga kuku. Tusekile akaja na wazo: tukaushe maganda na kokwa za parachichi kwa Bwana Salum, tuzisage, tuchanganye na pumba, nusu kwa nusu.

"Haiwezekani," nikamwambia.

"Kwa nini, Mzee?"

Nilimpa sababu nyingi. Nilizungumzia unyevu, nikazungumzia mafuta yanayobaki kwenye ganda, nikazungumzia uchungu wa kokwa, nikatumia maneno marefu ya Dakta Mgaya ambayo hata yeye aliyatumia kwa nadra. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa na ukungu unaofanya kazi, nimebakiza muda mfupi, na nilitaka kuukabidhi ukiwa hai. Kila alipouliza tena nilisema tutaangalia. Ijumaa yangu ya mwisho kazini wakanifanyia sherehe ndogo, soda na mishikaki, wakanipa redio. Tusekile alihutubia vizuri, alilia kidogo, nami nikalia kumzidi.

Wiki chache zilizofuata nilikaa Kalenga nikimwelekeza Tumpe namna ya kupika mpaka akanifukuza. "Gwe mwanaume, nenda kawasalimie watu wako," akasema. Nikachukua mkungu wa ndizi, nikaenda mjini kiwandani. Tusekile akatoka na koti lake, akaniamkia, akapokea ndizi.

"Mnaendeleaje?" nikauliza.

"Salama, Mzee. Bwana Salum anakusalimu. Anasema mzigo wa sasa unakamua kuliko wowote aliowahi kupata."

Nikasogelea kioo cha mlango kwa fahari, nikachungulia rafu zangu. Trei zilikuwa zimeota mahameli nene, safi, mpaka kwenye kona. Lakini chini ya ule weusi, pumba hazikuwa na rangi ya pumba. Zilikuwa za hudhurungi nyekundu, rangi ya kokwa ya parachichi iliyosagwa.

Nikamgeukia. Alikuwa anatazama ndizi kwa makini sana.

"Tusekile, ulianza lini?"

"Jumatatu, Mzee."

"Jumatatu ipi?"

"Ile iliyofuata Ijumaa yako."

Nikacheka, naye akapumua, akacheka pia. Nikamwomba koti la wageni, likawa fupi mikononi. Akanifungulia mlango, tukaingia, nikakaa kwenye kigoda, na nikamwambia aanze mwanzo, taratibu, anieleze alivyofanya.